WALIAJIRI KWA PUPA, WAKAPUNGUZA KWA PUPA
Somo la kazi za kompyuta kwa wafanyakazi wa viwandani na mashambani

Wafanyakazi wengi wa viwandani na mashambani wakisikia habari za makampuni ya kompyuta hudhani kwamba habari hizo haziwahusu. Hudhani hiyo ni kazi ya watu waliosoma sana, wanaokaa kivulini, wasiomjua mnyapara wala jembe. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba mambo sivyo yalivyo. Mtu anayefanya kazi kwenye kompyuta kwa mshahara ni mfanyakazi, kama alivyo mchuma chai na mkata mkonge. Na yaliyompata katika miaka hii ya karibuni ni yale yale yaliyowapata wazee wetu mashambani.

Ili tusiseme kwa kusikia tu, tulifunga safari mpaka Mbarara na kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, magharibi ya Uganda.

DALILI ILIYOFANANA NA NEEMA

Mbarara ni mji wa maziwa. Ulipewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, lakini mpaka leo ng'ombe ndiye aliyeshika uchumi wake. Viwanda vya maziwa vinaajiri watu, na pia kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichoanzishwa mwaka 1989, ambako vijana wengi hujifunza kompyuta.

Karibu na kituo cha mabasi tulikaa na kijana mmoja aliyesomea kuandika programu. Hatutamtaja jina, kwa sababu bado anatafuta kazi, wala hatutaitaja kampuni iliyomwajiri Kampala. Alikaa kazini miezi minane, kisha akaitwa yeye na wenzake wengi siku moja, wakaambiwa kazi imekwisha. Sasa yuko Mbarara, anaandika hesabu katika kituo cha kukusanyia maziwa.

Tulimwuliza kama hakuona dalili yoyote mapema. Akatujibu hivi: "Miezi miwili ya mwanzo tulikuwa tunasubiri tu kupewa kazi. Mshahara unaingia na kazi hakuna. Nilifikiri ni neema. Sasa ninajua ile ndiyo ilikuwa dalili yenyewe."

Mzee mmoja wa kiwanda cha maziwa aliyekuwa pamoja nasi akatikisa kichwa. Yeye anajua kupunguzwa. Kiangazi kikikaza, maziwa hupungua, na vibarua hurudishwa nyumbani. "Lakini sisi kiangazi tunakiona," alisema. "Tunatazama majani, tunatazama ng'ombe. Huyu mtoto kiangazi chake kilikuwa Amerika. Angekionaje?"

Swali la mzee huyu ndilo tunalotaka kulijibu.

YALIYOTOKEA KAMPALA MWAKA 2019

Tuanze na jambo linalojulikana na watu wote. Mwaka 2014 ilianzishwa kampuni iitwayo Andela, kwanza Lagos, Nigeria, kisha ikafungua ofisi Nairobi, Kampala na kwingineko. Kazi yake ilikuwa kuchagua vijana hodari wa Kiafrika, kuwafundisha kuandika programu huku ikiwalipa, halafu kuwakodisha kwa makampuni ya nje, hasa ya Marekani. Vijana walioomba nafasi hizo walikuwa maelfu kwa maelfu, na waliochaguliwa walionekana wameula.

Mwezi Januari 2019 kampuni hiyo ilipata dola milioni 100 kutoka kwa wenye mitaji. Mwezi Septemba mwaka huo huo, miezi minane tu baadaye, ilitangaza kuwaondoa vijana wapatao 400 wa Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa na wakubwa wake ilikuwa wazi. Walisema wateja wanataka mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi, na kwamba vijana wapya waliofundishwa wamezidi kazi iliyopo. Papo hapo walisema watatafuta mamia ya wenye uzoefu. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, kampuni ikapunguza watu wengine 135.

Tuseme haki: kampuni iliahidi kuwasaidia vijana hao kutafuta kazi kwingine, na ujuzi walioupata hakuna aliyeweza kuwanyang'anya. Lakini tuulize swali la mfanyakazi. Vijana wale walikosa nini? Hawakuvunja mashine. Hawakuchelewa kazini. Kosa lilikuwa katika hesabu, na hesabu haikuwa yao. Aliyekosea hesabu alibaki ofisini, na aliyetimiza kila alichoambiwa ndiye aliyefunga mizigo.

KIANGAZI KILICHOANZIA MAREKANI

Yaliyotokea Kampala yalikuwa mvua za rasharasha. Gharika yenyewe ilikuja mwaka 2022.

Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, watu katika nchi tajiri walifungiwa majumbani. Wakanunua bidhaa kwa intaneti, wakafanya mikutano kwa intaneti, wakajiburudisha kwa intaneti. Makampuni ya kompyuta yakaona fedha zinamiminika, nayo yakaajiri kana kwamba hali ile haitakwisha milele. Kampuni ya Meta, yenye Facebook na WhatsApp, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 45,000 mwishoni mwa mwaka 2019. Kufikia Septemba 2022 walikuwa zaidi ya 87,000.

Watu wakafunguliwa, wakarudi madukani na makazini. Novemba 2022 Meta ikawaondoa wafanyakazi zaidi ya 11,000, na Machi 2023 ikatangaza kuondoa wengine 10,000. Mwezi Januari 2023 peke yake, Amazon ilitangaza kupunguza watu 18,000, Google 12,000 na Microsoft 10,000. Mkuu wa Meta, Mark Zuckerberg, alikiri hadharani kwamba alikosea kudhani biashara ya wakati wa korona ingeendelea, na akasema lawama ni yake.

Lawama aliichukua. Njaa hakuichukua. Mwaka 2023, mwaka wa kupunguza watu, kampuni yake ilipata faida ya dola bilioni 39.

KWA NINI WANAAJIRI KUPITA KIASI?

Msomaji anaweza kuuliza: mwenye mtaji ni mtu wa hesabu, kwa nini aajiri watu asiowahitaji? Zipo sababu tatu, na inafaa tuzifahamu, maana zinafanya kazi hata katika viwanda vyetu.

Ya kwanza ni fedha za bei rahisi. Tangu Machi 2020 Benki Kuu ya Marekani iliweka riba karibu na sifuri. Mtu akikopeshwa bila riba, hana haraka ya kuuliza kama kazi anayoianzisha italipa. Machi 2022 benki hiyo ilianza kupandisha riba, na kufikia katikati ya mwaka 2023 ilikuwa imepita asilimia 5. Hapo wenye mitaji wakataka faida sasa, wala si kesho kutwa. Njia ya haraka ya kuonyesha faida ni kupunguza mishahara inayolipwa, yaani kupunguza watu.

Ya pili ni kujionyesha. Kampuni inayotafuta fedha kwa matajiri hutaka kuonekana inakua. Idadi ya wafanyakazi huhesabiwa kama jirani anavyohesabu ng'ombe zizini. Wakiwa wengi, watu husema huyu ni tajiri, hata kama majani ya kuwalisha hayapo.

Ya tatu ni kuwanyima washindani. Fundi hodari huajiriwa ili asiende kwa jirani, hata kama kazi ya kumpa haipo bado.

Katika sababu zote tatu hakuna hata moja inayomtazama mfanyakazi kama mtu mwenye watoto, kodi ya nyumba na ada ya shule. Anaajiriwa kwa sababu ya fedha za mwingine, na anaondolewa kwa sababu ya fedha za mwingine. Ndiyo maana tunasema kupunguzwa kazi hakuanzi siku barua inapotoka. Kunaanza siku ya kuajiri kupita kiasi.

WAZEE WETU WA MKONGE WALIYAJUA HAYA

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Wazee wa Tanga na Morogoro wanalikumbuka neno manamba. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944. Ofisi hiyo ilituma watu mbali, hata Ruanda-Urundi, kuchukua wanaume kwa mikataba. Kila mmoja alipewa namba, na namba ndiyo ikawa jina lake.

Vita vya Korea vilipopandisha bei ya mkonge, mwaka 1950 na 1951, mashamba yalinawiri. Katikati ya miaka ya 1960 bei ilipoanguka, na kamba za nailoni na plastiki zilipoingia sokoni, mashamba yalipunguza watu kwa maelfu. Manamba hakuwa amekata mkonge vibaya. Bei ilianguka huko ng'ambo, na mzigo ukamwangukia yeye kambini.

Badili jina la zao, weka kompyuta mahali pa mkonge, utaona ni hadithi ile ile. Tofauti ni kwamba siku hizi anayekusanya vibarua hahitaji gari la moshi. Anahitaji simu tu.

NAKIVALE: MBUZI WAWILI NA KOMPYUTA MOJA

Kutoka Mbarara tulishika njia ya Isingiro, kati ya migomba na malisho ya ng'ombe wenye pembe ndefu, mpaka Nakivale. Makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo yana watu zaidi ya 150,000, wengi wao wakiwa Wakongomani, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Kiswahili kinasikika kila mahali, sokoni, kanisani na kwenye mstari wa kuchota maji.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi. Lakini ruhusa ya kazi si kazi. Mashamba waliyogawiwa ni madogo, na tangu mwaka 2023 mgao wa chakula hutolewa kwa kutazama nani mwenye shida zaidi, hata wengine wakaondolewa kabisa. Kwa hiyo vijana wanatazama kompyuta kama zamani mtu alivyotazama mgodi wa dhahabu. Kazi ya kompyuta, wanaambiwa, haina mpaka. Mwajiri aliye Ulaya haulizi kama wewe ni mkimbizi.

Katika Base Camp, mama mmoja aliyetoka Kivu alitukaribisha barazani kwake. Kijana wake alijifunza kompyuta, na kwa miezi kadhaa alipata vibarua kwenye intaneti: kutazama picha na kuzitaja, hii ni gari, huu ni mti, huyu ni mtu, ili mashine ijifunze. Alilipwa kwa vipande, senti kwa senti. Asubuhi moja alifungua akaona akaunti imefungwa. Hakukuwa na barua, wala mtu wa kumwuliza, na fedha za majuma matatu zilibaki humo humo.

"Tuliuza mbuzi mbili juu ya masomo ya mutoto," alisema yule mama. "Sasa mashini iko, mutoto iko, kazi haiko."

Hatukuwa na jibu la haraka la kumpa. Tulimwuliza kijana kama angewashauri wenzake waache kujifunza. Akakataa. "Papa, miezi ile tulikula vizuri. Afadhali kazi ya miezi sita kuliko kukaa bure." Maneno hayo ni ya kweli, na mtu aliyeshiba asiyacheke. Sisi hatusemi vijana waache kompyuta. Tunasema kijana aliyeuza mbuzi wawili alikuwa mwekezaji kama yule wa dola milioni 100. Tena kwa nyumba yake, mtaji wa mbuzi wawili ni mkubwa zaidi. Mbona huyu wa dola analindwa kwa mikataba na mawakili, na huyu wa mbuzi hana hata karatasi?

Wala asidhani kwamba yaliyompata ni bahati yake mbaya peke yake. Machi 2024 mtandao wa vibarua vya namna hiyo uitwao Remotasks, wa kampuni ya Marekani ya Scale AI, uliacha kufanya kazi Kenya. Watu waliokuwa wakiishi kwa vibarua hivyo walijikuta nje kwa taarifa moja tu.

WENZETU WA NAIROBI WALISIMAMA PAMOJA

Lakini wapo wafanyakazi wa kompyuta waliokataa kunyamaza, na habari zao zinatia moyo.

Jijini Nairobi kampuni ya Sama iliajiri vijana wa kuchuja mambo yanayowekwa kwenye Facebook, yaani kutazama kutwa nzima picha za mauaji, ubakaji na ukatili ili watu wengine wasizione. Vijana hao walitoka nchi nyingi za Afrika. Jarida la TIME la Marekani liliandika mwezi Februari 2022 kwamba walikuwapo waliolipwa dola moja na nusu tu kwa saa. Mwezi Januari 2023 kampuni ilitangaza kwamba inaacha kazi hiyo, na vijana wapatao 260 wakaambiwa watapunguzwa.

Mwezi Machi mwaka huo zaidi ya 180 kati yao walikwenda mahakama ya kazi, wakidai kwamba kupunguzwa kwao hakukufuata sheria. Walimshtaki Sama, na walimshtaki pia Meta mwenyewe, kwa hoja kwamba aliyekuwa na kazi ndiye mwajiri. Makampuni yalikana madai hayo. Meta ilisema mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa Kenya.

Na siku ya Mei Mosi 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Walikuwa wa makampuni mbalimbali na wa mataifa mbalimbali, baadhi wakiwa tayari hawana kazi. Walijua kwamba mtu mmoja aliyefungiwa akaunti ni mlalamikaji tu, lakini watu 150 ni chama.

TUULIZE SIKU YA KUAJIRIWA

Basi mfanyakazi afanye nini, awe wa kompyuta, wa maziwa au wa chai? Sisi tunaona kosa letu kubwa ni kwamba tunauliza maswali siku ya kufukuzwa, wakati yalitakiwa kuulizwa siku ya kuajiriwa. Siku ile tunafurahi mno. Tunatia sahihi tukicheka.

Kwanza, tuulize kazi ni ya nani. Kama kampuni inatukodisha kwa mwingine, mkataba wake na huyo mwingine unakwisha lini? Hapo ndipo kiangazi kinapotokea.

Pili, tuulize notisi na malipo ya kuachishwa, na yaandikwe. Meta iliwalipa wafanyakazi wake wa Marekani walioondolewa Novemba 2022 mishahara ya wiki 16, na wiki mbili zaidi kwa kila mwaka wa kazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inataka mfanyakazi anayepunguzwa alipwe angalau siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza, na chama chake pamoja na ofisa wa kazi wapewe habari mwezi mmoja kabla. Nchini Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inatoa notisi ya mwezi mmoja kwa aliyefanya kazi mwaka mmoja mpaka mitano, miezi miwili kwa miaka mitano mpaka kumi, na miezi mitatu kwa miaka kumi na kuendelea.

Tatu, tujue haki ya kuarifiwa kwa pamoja. Sheria hiyo hiyo ya Uganda inasema mwajiri anayekusudia kuwaondoa wafanyakazi 10 au zaidi katika muda wa miezi mitatu, kwa sababu za kiuchumi au za mitambo, hana budi kuwaeleza wajumbe wa chama sababu zake, idadi ya watu na aina ya kazi zao, na kumwarifu Kamishna wa Kazi kwa maandishi. Lakini pasipo na chama, ataelezwa nani?

Nne, tukatae kuitwa majina yanayotutoa nje ya sheria. Mtu anayepangiwa kazi, anayepimwa saa na kukatwa malipo akikosea, ni mfanyakazi, hata kama kwenye intaneti anaitwa mshirika au mtu anayejitegemea. Manamba naye alipewa namba badala ya jina.

Tano, wafanyakazi wa kompyuta wakaribishwe katika vyama vyetu, na wakimbizi miongoni mwao wasibaguliwe. Ibara ya 40 ya Katiba ya Uganda inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho. Inasema kila mfanyakazi.

Ndugu wafanyakazi, tulipoagana na yule mzee wa maziwa Mbarara, alituuliza tena lile swali lake: mtoto yule angekionaje kiangazi cha Amerika? Tulimjibu kwamba peke yake asingekiona. Lakini chama chenye watu Kampala, Nairobi na Mbarara, kinachodai kuonyeshwa hesabu kabla watu hawajaajiriwa, kingekiona. Mzee akasema basi kijana aletwe kwenye mkutano wa tawi wa mwezi ujao, asije akakaa nyuma.

Tunawaomba makatibu wa matawi yote wafanye kama mzee huyu. Katika kila mji wenye kiwanda au shamba sasa wapo vijana wa kompyuta waliopunguzwa. Watafuteni, muwape kiti, muwasikilize. Wao wanajua mashine mpya, na sisi tunajua mwajiri wa zamani. Tukikaa pamoja tutajua yote mawili.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.